Bangili ya Bibi Kutoka Karachi

Rukia (Muscat): Assalaam alaykum nyote. Nimeshaitazama Ms. Marvel, sehemu ya kwanza! Disney+, ile huduma ya filamu za mtandaoni, imefunguliwa Oman leo hii, 8 Juni 2022, na tamthilia yenyewe imeanza leo.

Mjomba Seif: Waalaykum salaam. Ndiyo ile ya msichana wa Kipakistani?

Rukia (Muscat): Shikamoo mjomba. Ndiyo, Kamala Khan, miaka 16, anakaa Jersey City, Marekani. Anamwigiza Iman Vellani, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Ukimtazama utadhani kamera zimemkuta kwao.

Mjomba Seif: Marahaba mwanangu.

Idrisa (London): Mikono inarefuka? Kwenye vitabu vya katuni ngumi yake inavimba ikawa kubwa kama gari.

Rukia (Muscat): Hapana kaka. Anatoa mwanga mgumu kama kioo, anaukanyaga hewani. Mara moja tu mkono wa mwanga unarefuka kumdaka Zoe, msichana wa shuleni kwao, asianguke.

Idrisa (London): Hapo wameniumiza. Toleo la kwanza la kitabu, la 2014, akipata nguvu tu anageuka Captain Marvel, yule shujaa wa kike mwenye nywele za dhahabu, kwa vile ndiye aliyemtamani. Mwili wake ndio uliokuwa hadithi. Mwanga kila shujaa anao.

Rukia (Muscat): Nakubali umepotea utamu. Lakini nguvu zinaamshwa na bangili ya bibi yake, iliyotumwa kutoka Karachi. Mama mtu hataki hata kuigusa, anasema takataka, ipelekwe darini.

Shangazi Maryam: Mama huyo ana jambo na mamake. Bangili haitupwi darini bure.

Rukia (Muscat): Ndilo ninalolingojea, shangazi! Sehemu ziko sita, kila Jumatano moja.

Idrisa (London): Na wale waongozaji, Adil na Bilall?

Rukia (Muscat): Wamefanya kazi nzuri mno. Kamala na rafiki yake Bruno wakiandikiana meseji, maneno yanatokea kwenye taa za madukani na michoro ya ukutani. Kule mwisho kwenye tamasha la mashabiki wa mashujaa, kichwa kikubwa cha sanamu ya shujaa Ant-Man kinapoanguka, ni vurugu tu, sikushituka. Nyumbani kwao ndiko kulikonishika.

Shangazi Maryam: Kuna nini nyumbani?

Rukia (Muscat): Wazazi wamemkatalia kwenda tamashani usiku. Halafu wakalegea: aende, ila na baba. Baba akaingia chumbani amejipaka kijani uso mzima, amevaa shalwar kameez, yeye Hulk mkubwa, lile jitu la kijani la sinema, na binti awe Hulk mdogo. Kamala akamwambia ni aibu.

Mjomba Seif: Lahaula. Mbele ya mamake?

Rukia (Muscat): Mbele ya mamake. Baba hakugomba. Furaha ilimtoka usoni, na rangi bado mbichi. Nimeirudia mara tatu hapo.

Shangazi Maryam: Kisha mtoto akaenda?

Rukia (Muscat): Alitoroka. Aliporudi akapitia dirishani, akamkuta mamake amekaa chumbani anamsubiri.

Shangazi Maryam: Haki yake mama. Usiku ule angelala vipi?

Mjomba Seif: Mie ningemwonea huruma yule baba. Kupaka rangi yote ile mtu mzima.

Baba: Rukia, umekula?

Rukia (Muscat): Nimekula baba. Nakupigia sasa hivi.