Fidla: mwalimu wa Suzuki au wa mitihani?

Hamjambo wanakikundi, naomba ushauri. Mtoto ana miaka 7, fidla ya saizi ya robo (ndogo, ya watoto), tuko South B, Nairobi. Mwalimu mmoja anafuata Suzuki, mbinu ya kufundisha muziki kwa kusikia: kusikiliza kila siku, mzazi akae darasani, kusoma noti za muziki baadaye. Mwingine ametoka okestra, huandaa watoto kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, noti tangu mwanzo.

Shida ni kiganja cha kushoto kulalia shingo ya fidla, basi kidole cha tatu hakifiki na sauti inashuka chini ya noti inayotakiwa. Tumebandika utepe kwenye ubao wa vidole. Sasa anauchungulia badala ya kusikiliza! Kujitazama kwenye kioo kumesaidia kidogo.

Yupi kati yao anafaa kurekebisha mkono kwanza? Na kwenye somo la majaribio la nusu saa, nimtazame mwalimu akifanya nini hasa?