Pembetatu ya shamba: mimi napata nyuzi 66.6, mtoto wa binamu anapata 113.4

MchungwaMchachu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu kabla hatujashikana mashati kwenye ukoo.

Tuna kipande cha shamba la michungwa Muheza, kina kona tatu. Marehemu baba mdogo aliacha mchoro wa mkono. Kona A ni mwembe wa barabarani, kona B ni bikoni ya zege. A mpaka B kaandika mita 80. B mpaka kona C, mita 50. Pembe ya pale mwembeni, nyuzi 35. Upande wa AC unafuata njia ya miguu, na huo kapiga mstari tu bila namba. Alama ya C yenyewe haipo, trekta lilishapita nayo.

Nimetumia kanuni ya saini: sin C = 80 × sin 35° ÷ 50 = 0.9177. Kikokotoo cha simu kikanipa C = 66.6°. Kwa hiyo B ni 78.4°, na AC inatoka mita 85.4. Binamu yangu anasema mpaka hauendi mbali hivyo, na mwanawe wa kidato cha nne kapiga kapata C = 113.4°, AC mita 45.7. Fomula ni ileile! Nani kakosea?

KibandaChaChai
Dogo kachapia. Kikokotoo hakina ndugu wala binamu. 66.6, twende kazi.

ShikaTepu
Hakuna aliyekosea. Na huyo dogo mnunulieni soda.

Mimi si mwalimu, nimeshika tepu nyuma ya wapima miaka mingi, kwa hiyo nitaeleza kwa miguu. Chukua kamba ya mita 50, funga ncha moja kwenye bikoni. Shika ncha ya pili ufuate njia ya miguu ukitokea mwembeni. Mwanzoni kamba haikufikishi njiani, bikoni iko mbali. Ukiwa mita 45.67 kutoka mwembeni, ncha inagusa njia na kamba imenyooka tii. Piga kigingi. Endelea mbele: kamba inalegea, maana sasa bikoni imekukaribia. Kwenye mita 65.5 hivi ndipo njia inapopita karibu kabisa na bikoni, mita 45.9, na mkononi una mita nne za kamba zisizo na kazi. Songa tena, kamba inaanza kukaza, mpaka mita 85.39 inanyooka kwa mara ya pili. Piga kigingi kingine. Vyote viwili viko mita 50 kutoka B, viko kwenye njia ileile, na pembe ya mwembeni ni ileile 35. Mchoro wa baba mdogo unavikubali vyote.

Kwenye karatasi ni hivi: sin 66.6° na sin 113.4° ni namba moja, 0.9177. Pembe mbili zinazojumlisha 180 zina saini sawa. Ukikiuliza kikokotoo kinyumenyume kinakupa pembe kali tu, hata majedwali yale ya shule yanaishia 90. Pembe butu unaitafuta mwenyewe: 180 toa 66.6, halafu jumlisha na 35 uone kama kuna nafasi. 113.4 na 35 ni 148.4, zimebaki 31.6 za B. Nafasi ipo.

Ukipewa pande mbili na pembe isiyokaa katikati yao, anza na huu umbali mfupi, 80 × sin 35° = 45.9. BC ingekuwa mita 40, kamba haigusi njia kabisa, hakuna pembetatu. Ingekuwa 45.9 kamili, inagusa mara moja, na C ni pembe mraba. Ikifika 80 au kuzidi, pia ni moja tu. Hiyo 50 yenu imeangukia kati ya 45.9 na 80, ndipo palipo na mtego. Angepima pembe ya pale bikoni badala ya mwembeni, kesi isingekuwepo. Mpima aliyenifundisha kazi hakuwa anapokea mchoro wa namna hii hata umbembeleze.

Mwl_wa_Jioni
Nyongeza kidogo. Tumia kanuni ya kosaini, AC iite x: 50² = 80² + x² − 160x cos 35°. Unapata x² − 131.06x + 3900 = 0, na mlinganyo huo una majibu mawili chanya, 85.39 na 45.67. Wanafunzi wangu nawaanzishia hapa, kwa sababu jibu la pili linajitokeza lenyewe bila kukumbushwa.

MchungwaMchachu
Nimeelewa, ahsanteni. Ila kati ya vigingi viwili kuna karibu mita 40! Kipi chetu?

ShikaTepu
Hapo hesabu peke yake haikusaidii, lazima upate kipimo kingine. Mimi ningetafuta eneo. C ikiwa ya mbali, shamba ni mita za mraba 1,959, yaani nusu eka kasoro kidogo. Ikiwa ya karibu ni 1,048, robo eka na ushee. Tafuteni karatasi ya mauziano. Wazee urefu wa pande walikuwa hawaandiki, eka waliandika.

MchungwaMchachu
Mama kaitoa kabatini. "Shamba la michungwa, robo eka na ushee." Mods, fungeni huu uzi kabla binamu hajajiunga.

ShikaTepu
Pole mkuu. Lakini msichimbie bikoni kesho. Hiyo 35 naona kama imekadiriwa, mtu akipima kwa chombo haandiki namba nzima hivyo. Ikiwa ni 34.5, C yenu iko mita 44.8 kutoka mwembeni, ikiwa 35.5, ni 46.6. Nusu nyuzi tu, kona inasogea karibu mita nzima. Iteni majirani wa mpakani na serikali ya kijiji, mpime pembe upya, na mtumie tepu ya chuma. Kamba ya nailoni inavutika.