Nina akiba, nataka niwekeze Afrika sio ng'ambo. Nianzie wapi wakuu?

Habari zenu wakuu,

Nipo Oman kikazi, kuna akiba nimejiwekea imekaa tu benki. Wenzangu huku mmoja ananiambia ninunue hisa za makampuni ya Marekani, mwingine nichukue apatimenti Dubai nilipe kidogo kidogo, ila mimi roho yangu iko Afrika. Inaniuma sana kuona Ivory Coast na Ghana zinatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia alafu chokoleti tunaletewa kutoka Ulaya, Kongo inaongoza dunia kwa kobalti alafu betri zinatengenezwa China. Mali ni yetu, mtaji wa wengine, na faida inamfuata mwenye mtaji. Nikiuliza nyumbani jibu ni moja tu, nunua kiwanja. Kiwanja ninacho, kimeota majani. Naombeni ushauri na hatari zake msinifiche.

Mzee wa Gawio:
Hongera mkuu. Hela ndogo sio kikwazo kabisa, soko la hisa la Dar linafanya biashara toka 1998, la Nairobi lipo toka 1954, unafungua akaunti ya CDS (ndiyo inatunza hisa zako kielektroniki) kupitia dalali mwenye leseni na unanunua kwa simu hukohuko uliko. Ila uwe mvumilivu. Hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, 2008 ziliuzwa kwa shilingi 5 ya Kenya, watu wa kawaida kabisa wakapanga foleni, bei ikashuka ikakaa huko chini miaka, wengi wakauza kwa hasira. Waliotulia waliiona inapita shilingi 40 mwaka 2021 na gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, walishakula kwa miaka.

Binti Kusini:
Hisa sawa, ila mi nasema weka hela panapochakatwa kitu. Huku Mtwara korosho nyingi bado inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Nenda kakae na kikundi cha kina mama wanaobangua kwa mkono, huyu anavunja, yule anamenya ganda la ndani, mikono wameipaka mafuta maana utomvu wa ganda unababua ngozi, na kazi wanaijua vizuri tu. Shida msimu ukifunguka hawana hela ya kununua ghafi, mnadani wanazidiwa na wanunuzi wakubwa, kwahiyo wanabangua wiki chache alafu wanakaa. Mtu kama wewe ukiwawezesha mzigo wa msimu kwa mkataba wa maandishi, vitabu vya hesabu unaviona, wao wanapata kazi mwaka mzima na wewe unapata chako. Usipitishie hela kwa ndugu tafadhali.

Tahadhari Kwanza:
Kasema asifichwe hatari. Ghana baada ya mgogoro wa madeni wa 2022 wenye hatifungani za serikali, yaani walioikopesha serikali kwa riba, walibadilishiwa wakapewa za muda mrefu zaidi na riba ndogo. Nigeria Juni 2023 waliacha kuishikilia bei ya sarafu yao naira ikaporomoka, mtu ana faida nzuri kwa naira ila akipiga hesabu kwa dola ni hasara. Simkatishi tamaa, namwambia asiweke zote kwenye serikali moja wala sarafu moja, na hela ya dharura asiiguse.

Msomaji wa Kila Siku:
Naongezea la Ethiopia. Bwawa lao kubwa la Nile lilianza 2011, wakopeshaji wengi wakubwa wa nje hawakutoa hela, wananchi wakanunua hatifungani, hadi wafanyakazi wa serikali walichangia kwenye mishahara. Septemba 2025 limezinduliwa, zaidi ya megawati 5,000. Tukiamua tunaweza jamani, tusijidharau.

Mleta uzi:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nusu naiweka hisa taratibu kwenye masoko mawili, Dar na Nairobi, robo naiacha benki. Inayobaki nataka iende kwa hao kina mama. Binti Kusini, mkataba wa hivyo unaandikwaje?

Binti Kusini:
Njoo inboksi nikutumie mfano, alafu utafute mwanasheria aupitie. Minada inaanza Oktoba hivi, tukichelewa mzigo mzuri unakuwa umeshaondoka.