Filamu za Méliès kwa darasa la sita: nianze na Safari ya Mwezini au nyingine?

MwlKihonda
Habari za jioni wakuu. Jumamosi nimeazimwa projekta, na nina watoto arobaini wa darasa la sita ambao hawajawahi kuona filamu isiyo na sauti hata moja. Nataka waone kazi za Georges Méliès, yule Mfaransa aliyekuwa na ukumbi wake wa mazingaombwe mjini Paris kabla hajaanza kutengeneza filamu mwaka 1896. Ninazo tatu: Mtu Mwenye Kichwa cha Mpira (1901), Safari ya Mwezini (1902) na Safari Isiyowezekana (1904). Nimepewa nusu saa tu, zote hazienei. Ipi itangulie, na ipi niiache?

Bi_Mwezi
Mwalimu, anza na Mwezini. Wataalamu wa nyota wanabishana, wanaunda kombora, wanaingia ndani, mzinga unafyatuliwa, kombora linamwingia Mwezi jichoni. Mtoto akiuona ule uso ulivyokunjamana hausahau.

Halafu tafuta ile ya rangi. Enzi hizo nakala za rangi zilipakwa kwa mkono, fremu (picha moja moja ya mkanda) moja baada ya nyingine, kwenye karakana ya Bi Elisabeth Thuillier mjini Paris, wanawake wamekaa kila mmoja na rangi yake. Filamu yenyewe ina fremu zaidi ya 13,000! Nakala ya rangi iliibuka Barcelona mwaka 1993 ikiwa imegandana kama tofali, ikachukua miaka kuifufua, hadi ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2011. Waambie watoto hayo kabla hujawasha.

Fundi_Kamera
Dada, nakuheshimu, ila hapa tunatofautiana. Mwezini ni tamu lakini imejaa watu. Kamera iko mbali, mambo kumi yanatokea kwa pamoja, na mtoto asiyezoea hajui aangalie wapi. Kichwa cha Mpira ni kama dakika mbili na nusu, na jambo ni moja tu. Méliès anatoa kichwa sandukuni, ni chake mwenyewe, anakiweka mezani kikiwa hai. Anashika mvukuto, anapuliza, kichwa kinavimba mpaka kinatisha. Anafungulia hewa, kinanywea. Kisha anamwita mwenzake ajaribu, naye hana kiasi, anapuliza mpaka kinapasuka.

Sasa ona ufundi wake. Kamera haikusogea. Méliès ndiye aliyekaa kwenye kigari, kikavutwa kuelekea kamera, na nyuma yake ni weusi mtupu, kwa hiyo jicho halioni mtu anayekaribia, linaona kichwa kinachovimba. Na njia ya kigari ilikuwa na mwinuko. Ingekuwa tambarare, kadiri anavyokaribia shingo ingezidi kushuka chini ya usawa wa meza. Ule mwinuko ndio unaoibakiza shingo palepale juu ya meza. Nimeirudia filamu hii mara nyingi nikiitazama shingo tu.

MtotoWaKibanda
Mmesahau msimulizi. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza Temeke. Filamu ya Kichina tuliielewa kwa sababu kuna mtu aliisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Enzi za Méliès mambo yalikuwa karibu na hayo: filamu hizi hazina maandishi ya kueleza hadithi, na mara nyingi ukumbini alisimama mtu wa kuisimulia. Mwalimu, chagua mtoto mwenye mdomo, muonyeshe Ijumaa, Jumamosi ashike kipaza sauti.

Kwa sababu hiyohiyo mimi naitetea Safari Isiyowezekana. Treni inaruka na kuingia kinywani mwa Jua linalopiga mwayo, abiria wanaungua na joto, wanakimbilia kwenye barafu, wanaganda. Mpe msimulizi hodari kipande hicho uone.

Nuru_24
Kabla ya yote kagua mwendo. Mwaka jana niliwaonyesha jamaa zangu Mwezini kwa nakala niliyoitoa mtandaoni, watu wakawa wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Hakuna aliyeambua kitu. Filamu ile ni kama dakika 14 ikienda fremu 16 kwa sekunde. Ikichezwa kwa 24 inabaki dakika tisa na ushee. Ukikuta ya dakika tisa, iache au punguza kasi.

Rangi nakubaliana na Bi Mwezi. Ila nakala ile ya 2011 imewekewa muziki wa kundi la Air, vyombo vya kisasa. Kama kuna msimulizi, zima sauti.

Bi_Mwezi
Fundi, umenishinda kwa ile shingo. Kichwa kitangulie.

Mwalimu, ombi langu ni moja: usiwafiche yaliyompata. Alitengeneza filamu kama 500, zimebaki kama 200. Mwaka 1923, ameshafilisika, alizichoma mwenyewe negativu zake, yaani mikanda ya asili ya kutolea nakala, na baadaye akawa anauza pipi na vitu vya watoto vya kuchezea kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Montparnasse. Mimi jambo hilo linaniuma hadi leo.

MwlKihonda
Asanteni sana. Kichwa cha Mpira kwanza, mara mbili: ya kwanza kimya, ya pili nawaeleza kigari. Kisha Mwezini ya rangi bila muziki, na msimulizi nimeshampata, binti mmoja ambaye akisimulia hadithi za sungura darasa zima linatulia. Treni itasubiri siku nyingine. Zitabaki kama dakika kumi. Niwape kazi gani?

Fundi_Kamera
Wape simu. Iegemeze kwenye matofali isitikisike. Mtoto mmoja asimame katikati, rekodi, kisha sitisha bila kuzima. Yeye atoke, mwingine aingie asimame palepale, waliobaki wasijongee, endelea kurekodi. Méliès alisimulia kwamba aliugundua ujanja huu kamera yake ilipokwama akipiga picha uwanja wa Place de l'Opéra mjini Paris: alipoutazama mkanda, basi la farasi likageuka kuwa gari la maiti. Chora miguu kwa chaki sakafuni kabla mtoto wa kwanza hajatoka. Wa pili akikosea hata nusu hatua, ujanja unaonekana.