Naacha fegi nahamia veipu: ya kutupa, podi ya kujaza ama modi kubwa?

MtuWaKasarani
Wasee niaje. Mimi ni wa fegi za Sportsman tangu nikiwa campo, siku ya kawaida namaliza pakiti, na siku kazi imechacha naongeza zingine za moja moja kwa yule jamaa wa njugu na peremende pale stejini. Sasa mtoto ana kifua na wife amechoka na harufu kwa nguo, kwa hivyo hii maneno lazima iishe. Kuacha ghafla nishajaribu ikanishinda. Nimezunguka maduka ya tao nikaona kila muuzaji anaapa ile iko kwa shelfu yake ndio bora kuliko zote. Nimebaki na tatu kichwani: ile ya kutupa, yenye rangi rangi kama kalamu nono, podi, ile veipu ndogo yenye kikopo cha jusi ya nikotini unajaza mwenyewe (nimeonyeshwa Caliburn A2 na Vaporesso XROS 3), halafu kuna beshte anauza modi, ile veipu kubwa ya nguvu, ya betri mbili kwa bei ya kutupa. Bajeti ni thao tano mwisho. Na mtaani kwetu stima huenda ikitaka, kwa hivyo chaji pia ni maneno. Mliohama mlianza na gani?

Mawingu_254
Chukua modi ya beshte bro, usipoteze wakati. Podi ni za watoi, hazina nguvu, utanunua leo na mwezi ujao uko hapa tena unaulizia modi. Mimi natumia koili, ule waya wa kupasha jusi, ya ukinzani wa ohm 0.2 na wati sitini, moshi unajaza nyumba yote, na sijashika fegi tena.

DadaPipeline
Mawingu naye, kila mtu ni modi tu 😂 Jamaa anataka kuacha fegi, hataki kufukiza mtaa.

Mimi nilianza na ya kutupa na sitaidharau, juu iliniokoa wiki ya kwanza. Hakuna kujaza, hakuna kitufe, unatoa kwa pakiti unavuta, na wakati una arosto ya fegi hutaki kusoma maagizo. Lakini kaka piga hesabu. Ile namba ya pafu, yaani mivuto, wanaandika kwa boksi ni ya mashine ya kiwanda inayovuta kidogo kidogo, si ya mtu ametoka kwa mkutano na bosi. Yangu ilikuwa inaisha haraka mbaya na pesa yake nikaona inazidi ile ya fegi. Halafu nyingi ni nikotini 5%, hiyo ni mg 50 kwa mililita, na tamu kama peremende, unajikuta unavuta ukiangalia runinga, ukipika, hata kitandani, vitu fegi haingekuruhusu. Na ikiisha unatupa betri nzima ya lithiamu kwa takataka. Uingereza walizipiga marufuku kuuzwa 1 Juni 2025 kwa sababu hiyo ya uchafu na watoto wa shule. Ukitaka kuonja tu nunua moja, usiifanye mpango wa mwaka.

FundiLuthuli
@MtuWaKasarani mimi natengeneza hizi vitu, wacha nikueleze pole pole, juu watu wanalinganisha mashine na hapo sio penye kazi iko.

Kwanza namna ya kuvuta. Fegi unaivuta inajaa mdomo, halafu ndio unaishusha kifuani. Podi yenye koili ya 0.8 mpaka 1.2 ohm inavutika hivyo hivyo, hewa imebana, mvuke kidogo. Modi ya Mawingu koili yake iko chini sana, hewa imefunguka wazi, unavuta moja kwa moja hadi kifuani kama unapumua. Mtu ametoka kwa Sportsman leo akivuta hiyo atakohoa mpaka majirani wapige simu, halafu aseme veipu ilimkataa.

Pili nikotini, na hapa ndio watu hurudi kwa fegi. Modi kubwa inavukiza jusi mingi kwa pafu moja, kwa hivyo lazima uweke jusi hafifu, mg 3 hivi. Ukiweka ya mg 20 kwa modi ya wati sitini utapata kizunguzungu na kichefuchefu ukae chini. Na ukiweka ya mg 3 kwa podi ndogo hutasikia kitu, utavuta siku mzima na bado unawaza fegi. Msee wa pakiti moja anaanza na mg 20 ya nikotini chumvi kwa podi ya 1.0 ohm. Chumvi si ile ya ugali ati 😂 ni nikotini imechanganywa na asidi, mara nyingi ya benzoiki, inashuka kooni laini hata ikiwa na nguvu. Ile nikotini ya kawaida ikifika mg 18 inakwaruza koo, ingawa kuna wazee wanaipenda hivyo juu inawakumbusha fegi. Ulaya mg 20 ndio mwisho wa sheria na inatosha watu wengi, kwa hivyo usidanganywe na muuzaji ati bila 50 hutaacha. Ukiona mg 20 haikufikishi hata ukivuta mara nyingi, hapo sasa tunaongea.

Matumizi, mtu kama wewe mara nyingi huishia mililita mbili hivi kwa siku, kwa hivyo chupa ya mililita 30 inasukuma kama wiki mbili. Modi ya koili ya 0.2 inaweza kunywa mililita kumi kwa siku na bado inataka. Hiyo bei ya kutupa ya beshte utailipa kwa jusi. Alafu hizo betri za 18650 za kutoa na kurudisha, kama ganda la plastiki limechanika ama unaziweka mfukoni pamoja na funguo na sarafu, zinaweza kuwaka. Anayeanza hahitaji hiyo presha.

Sasa kati ya hizo mbili zako. Caliburn A2 ni ndogo, nyepesi, ladha safi, lakini betri ni 520 mAh. XROS 3 ni 1000 mAh, karibu mara mbili, na iko na kitelezi cha kubana ama kufungua hewa. Kwa mtu stima humtoroka, mimi naenda XROS bila kufikiria. Tena podi za XROS, vile vikopo vya jusi vya kubadilisha, zinaingiliana karibu familia yake yote kwa hivyo hata hiyo modeli ikiondoka dukani bado utapata podi. Hilo watu husahau. Kabla ulipe mashine yoyote muulize muuzaji akuonyeshe podi za kubadilisha ziko hapo, si za "zinakuja wiki ijayo".

Mawingu_254
Sawa fundi umeongea. Lakini ukweli usemwe, podi haishibishi mtu wa mdomo mkubwa.

MamaTwins_Donholm
Mnaongea veipu kama ni maji ya matunda. Kule Marekani si watu walikufa mapafu 2019? Mimi bwanangu namwambia aache zote mbili akae hivyo.

Kemisti_South_B
Mama umeuliza swali zuri. Wale wa 2019 ni kweli, hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabu vifo 68 na zaidi ya 2,800 waliolazwa. Kisababishi kikubwa kilichopatikana ni aseteti ya vitamini E, mafuta yaliyokuwa yanachanganywa kwa jusi za bangi za magendo. Sio jusi ya kawaida ya nikotini ya dukani. Lakini hiyo haifanyi veipu kuwa salama. Fegi inachoma tumbaku, na kule kuchoma ndio kunaleta lami na kaboni monoksaidi, veipu haichomi, kwa hivyo sumu nyingi zinapungua sana. Uraibu wa nikotini unabaki pale pale, na ya miaka arobaini mbele hakuna mtu ameiona bado, kifaa chenyewe kilianza China 2003. Asiyevuta asianze. Mjamzito asianze hii maneno bila kuongea na daktari.

Na @MtuWaKasarani mbona hakuna mtu amekutajia kemisti? Kuna chingamu za nikotini za mg 2 na mg 4, ukiwasha fegi ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka wewe ni wa mg 4. Usiitafune kama Big G, unatafuna kidogo halafu unaiweka kando ya fizi. Kuna plasta ya kubandika ngozi pia, na plasta pamoja na chingamu zinafanya kazi vizuri kuliko moja pekee. WHO, Shirika la Afya Duniani, waliziweka kwa orodha ya dawa muhimu 2009, na mwongozo wao wa 2024 unataja hizo pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Veipu hawakuiweka. Kwa haki lakini, Cochrane ambao hupitia tafiti zote wanasema veipu ya nikotini inasaidia watu wengi kidogo kuacha kuliko plasta na chingamu. Kwa hivyo sikukatazi, nasema tu si veipu ama kifo. Laini ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, ni bure, piga ukitaka mtu wa kuongea naye.

DadaPipeline
Ongeza jusi feki kwa hiyo orodha daktari. KRA, watu wa ushuru, inatoza jusi ya nikotini kwa mililita, kwa hivyo mtu akikuuzia chupa kubwa kwa bei ya soda jiulize imetoka wapi. Chupa isiyo na mg, isiyo na viungo, isiyo na kifuniko cha kuzuia mtoto, wacha. Na nyumba iko na mtoi, hiyo chupa ikae juu kabisa, kwa mtoto ni sumu akiinywa. Usiveipu pia ukiwa naye kwa nyumba ati juu haina harufu. Na askari wa moli atakutoa tu, hajali ni mvuke.

MtuWaKasarani
Asanteni sana wakuu. Nimechukua XROS 3, podi za 1.0, jusi ya mint mg 20. Modi ya beshte nimemwachia. Sasa maswali. Nakohoa pafu za kwanza kila asubuhi, ni kawaida? Na podi ya kwanza imeonja kuungua siku hiyo hiyo. Halafu baada ya chakula cha mchana bado mkono unatafuta fegi, nimekuwa navuta moja hapo, nikifikiria si mbaya sana.

FundiLuthuli
Kukohoa hupungua, vuta pole pole na kwa muda mrefu kidogo, usinyonye kwa nguvu kama fegi inayotaka kuzima. Isipoisha tafuta jusi yenye gliserini nyingi zaidi, hiyo PG (propilini glaikoli), kimiminika kingine cha jusi, ndio hukwaruza wengine. Kikohozi kikiwa kizito ama kifua kinauma ona daktari, usiniulize mimi.

Kuungua ni pamba ya koili ndani ya podi ilikuwa kavu. Podi mpya ukijaza iache isimame dakika kumi jusi iingie ndani, halafu vuta mara mbili tatu bila kuwasha. Usingoje ikauke chini ndio ujaze. Iliyoshaungua haiponi, tupa. Nzuri itakupea wiki moja mpaka mbili, jusi tamu sana inaiua mapema.

Kemisti_South_B
Hiyo moja ya mchana ndio itakurudisha. Faida ya kuhama iko ukiacha fegi kabisa, kuchanganya mbili hakukupunguzii mengi, hata fegi moja kwa siku bado inaumiza moyo. Weka ile chingamu ya mg 2 mfukoni kwa saa hiyo, ama ukimaliza kula ondoka pale meza ya wavutaji uende ukatembee. Na usibebe pakiti, hata ya "dharura".

MtuWaKasarani
Pakiti nimempea mlinzi wa geti. Swali la mwisho, chaja ya simu yangu ni ile ya haraka, naweza kuchomeka?

FundiLuthuli
Tumia ya zamani ya 5V, ampea moja au mbili, hiyo ya haraka achia simu. Chaji ukiwa macho, ikijaa toa. Usiweke chini ya mto.