Naombeni ushauri: niendelee kushona au nihamie kwenye mitumba?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, nina vyerehani vinne na vijana wawili, tunashona nguo za watoto. Gauni moja, nikihesabu kitambaa, uzi, zipu na ujira, siwezi kuliuza chini ya shilingi 9,000. Hatua chache kutoka kwangu mitumba inamwagwa chini, mtu anachagua kwa 2,000. Mteja simlaumu, hata wanangu wamevaa mitumba.

Kinachoniuma ni kwamba pamba inalimwa huku huku Kanda ya Ziwa, nyingi inachambuliwa na kuuzwa nje ikiwa ghafi, halafu kitambaa ninachonunua kinatoka China. Vyerehani vyangu navyo vimetoka huko, na bila bei yake nafuu nisingeanza kazi hii, lazima niseme ukweli.

Niliwahi kuweka tumaini kwa serikali. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwaondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, wengine wakalegeza. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa kodi kule.

Nina akiba ya milioni mbili. Ninunue belo la mitumba, au nihamie sare za shule? Aliyewahi kushona sare kwa mkataba anieleze: shule hulipa baada ya muda gani, na mtaji huu unatosha kuanzia?