Hivi sweta nalo ni mali? Yule dada wa ustawi wa jamii pale kata mfundisheni adabu kabla sijaja mimi

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama nje ya ofisi. Mikono inatetemeka, na siyo baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Ni hasira.

Yule dada mnamjua. Simtaji. Mwenye zile kucha, anayefunga mlango saa sita kwenda kunywa chai, akirudi saa tisa anauliza nani kamwagizia chai. Kila aliyewahi kwenda pale kufuatilia hata karatasi ya kuhamisha mbuzi ameshakutana naye.

Nimempeleka bibi yangu, mama yake mama, ana miaka 74, kufuatilia kitambulisho cha matibabu bure. Utaratibu tunaujua wote. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatambuliwa kuanzia mtaani, jina linapanda, halmashauri inatoa kitambulisho. Sera ya Wazee ipo tangu 2003. Mwenyekiti wa mtaa kaandika barua, mhuri umekolea mpaka umetokea upande wa pili. Bibi ana presha, magoti yamegoma, analea wajukuu wawili, na shamba lake ni kipande cha viazi nyuma ya choo ambacho ukipiga chafya umeshalimaliza kulivuka.

Tumeingia. Bibi kasimama pale anasubiri shikamoo yake kama mtu mzima yeyote. Shikamoo haikuja! Yule dada kainuka, kazunguka meza, kamshika bibi kola ya sweta kwa vidole viwili, akaisugua kama fundi anayepima kitambaa cha suti. Halafu akasema, na watu wote kwenye benchi wanasikia: "Bibi, na sweta hili utaniambia huna uwezo?"

Vidole viwili wakuu. Kola ya bibi yangu.

Sweta lenyewe ni rangi ya damu ya mzee, mtumba wa Mwanjelwa, elfu tatu baada ya mabishano ya nusu saa. Kifungo cha tatu siyo cha kwake, kimetolewa kwenye koti la marehemu babu. Kiwiko cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Huo ndio utajiri uliogundulika leo.

Bibi kajibu neno moja tu: "Mwanangu, ni baridi."

Mwenzake yule dada akasema tukalete watoto wa bibi waje waeleze kwa nini hawamtunzi. Watoto wake wawili tumezika. Wa tatu yuko Tunduma, na wanaomdai huko wakikusanyika wanatosha kufungua tawi la chama. Faili likasukumwa pembeni, "anayefuata".

Kwa hiyo mzee asiyejiweza wa Mbeya aje kifua wazi mwezi wa saba ndiyo aaminike? Ukivaa sweta wewe tajiri, ukivaa soksi wewe mfanyabiashara mkubwa, ukija na mwavuli unaambiwa ukachangie madawati. Na shikamoo hakutoa! Kapitisha mkono moja kwa moja kwenye kola! Mimi ningeguswa hivyo ningesahau kama nina kazi kesho.

Haya, semeni.

Mzee wa Lumbesa: Uzi bila picha ya sweta ni chai.

Siti ya Dirishani: "Simtaji" halafu kucha umetaja, saa ya chai umetaja, meza umetaja. Umebakiza namba ya NIDA tu mkuu.

Tunda la Rungwe: Pole sana. Huyo huyo mwaka jana alimwambia shangazi yangu "mbona unatembea vizuri tu". Shangazi alikuwa amebebwa mgongoni.

Kijana wa Kabwe: Hapo kwenye shangazi umeongeza chumvi, ila endelea.

Mjumbe Mstaafu: Kijana, punguza munkari. Kitambulisho hakitolewi na kata, kinatolewa na halmashauri. Chukua nakala ya barua ya mwenyekiti, panda kwa afisa ustawi wa halmashauri, ueleze kwa utulivu. Na hospitali uulizie dirisha la wazee, lipo.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mzee wangu. Nitapanda. Lakini kwa utulivu siwezi kukuahidi. Kamshika KOLA.

Mwalimu Asiye na Chaki: Kwani usingemkatia CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii? Ilikuwa elfu 30 kwa mwaka, kaya ya watu 6. Kelele zote hizi za nini.

Mwanzisha uzi: Bibi angekuwa na elfu 30 ya kuweka mezani si ndiyo angekuwa huyo tajiri anayesemwa?

Mama Wawili: Afadhali nyie mmeguswa sweta. Mimi nilienda kudai matunzo ya watoto, nikaulizwa "ulimpendea nini?" Halafu ikaandikwa barua ya wito kwa baba watoto, nikapewa MIMI nimpelekee. Mtu aliyenikimbia na godoro nikamgongee mlango nimwambie shika, umeitwa! Sheria ya Mtoto ya 2009 nzuri kabisa, ila miguu ya kuipeleka ni yangu.

Siti ya Dirishani: Godoro tena? Fungua uzi wako dada, huu ni wa sweta.

Bajaji Nyeusi: Mama Wawili yupo sahihi. Sisi kikundi chetu cha vijana, watu watano kama inavyotakiwa, tuliomba mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. 2023 ukasimamishwa, tukaambiwa subirini. 2024 ukarudi, tukaambiwa andikeni upya, leteni katiba ya kikundi, leteni muhtasari wa kikao. Tulipomaliza muhtasari mmoja kahamia Chunya kwenye dhahabu. Tumebaki wanne, hatukidhi vigezo.

Mzee wa Lumbesa: Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mimi mwanaume wa miaka 52 mwenye mgongo mbovu kiasi nipo asilimia ya ngapi?

Mama Wawili: Wewe upo kwenye asilimia ya waliokimbia na godoro.

Kijana wa Kabwe: 😂😂😂 mzee kapatikana.

Mwanzisha uzi: Wakuu turudi kwenye mada. VIDOLE VIWILI.

Tunda la Rungwe: Mtaani kwetu kwenye mkutano wa kuibua kaya maskini ukinyoosha mkono majirani wanakuhesabia kuku. "Huyu ana kuku saba." Saba! Watatu ni vifaranga!

Kamwene Tu: Kamweneee. Nacheka kutoka Mufindi. Mbeya nako mnaita baridi? Hilo sweta la bibi huku tunavaa mwezi wa kumi na mbili. Njooni muone asubuhi tukikwangua barafu kwenye majani ya chai.

Kijana wa Kabwe: Mufindi mna baridi ya kujisifia. Nenda Makete ndiyo utajua.

Kamwene Tu: Makete nimeishi. Mufindi inakata zaidi kwa sababu ya ukungu.

Siti ya Dirishani: Ukungu haukati, ukungu unalowesha. Elimu za kata hizi.

Mwalimu Asiye na Chaki: Naomba tusiingize shule za kata, mimi nafundisha huko.

Mwanzisha uzi: Jamani. Bibi yangu.

Bajaji Nyeusi: Mpe pole bibi. Kuna mtu yupo Uyole anipe bei ya viazi leo?

Mzee wa Lumbesa: Gunia la kilo 100 au lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo?

Bajaji Nyeusi: Kuna mtu bado anauza la kilo 100?

Kamwene Tu: Viazi vyenye utamu vipo Iringa, acheni ubishi.

Tunda la Rungwe: Huyu naye mumtoe humu.